Hela ya huku ina msimu: niliyojifunza kwenye duka la pembejeo Uyole

Siku hizi ukikaa na watu wa biashara utasikia uchumi unakua, Benki ya Dunia ilituweka kundi la kipato cha kati cha chini tangu Julai 2020, fursa ziko nje nje, sijui mifumo ya kidijitali, sijui nini. Mi sibishi. Uyole hii ya Mbeya niliyoikuta wakati nafungua duka na Uyole ya sasa ni vitu viwili tofauti kabisa, frem zimejaa mpaka kwenye vichochoro na kila ukuta una stika ya lipa namba. Ila kuna kitu watu hawakisemi, au labda hawakioni kwa sababu wengi wanaotufundisha biashara wanaishi kwa mshahara: karibu kila kitu kipya kinachotufikia huku nyanda za juu kusini kimepangwa kwa mwezi. Mkopo wa mwezi, lengo la mauzo la mwezi, bonasi ya mwisho wa mwezi, ripoti ya mwezi. Na hela ya huku haijui mwezi, inajua mavuno.

Nilianza kuliona hilo kabla hata sijaingia kwenye pembejeo, nikiwa wakala wa pesa za simu kule Mwanjelwa. M-Pesa iliingia Tanzania 2008, Tigo Pesa ikafuata 2010, kwa hiyo mimi nilipoanza watu walishazoea. Mawakala wengi tulifundishwa kwamba kazi ni kuwa na floti ya kutosha, yaani hela iliyo kwenye simu, na keshi ya kutosha, basi. Sasa kutosha kwa lini? Ikifika mwezi wa sita mpaka wa nane wanunuzi wa mahindi na mchele wanatuma hela kwa simu huko Igurusi, Chimala, Ubaruku, wakulima wote wanataka kutoa, wakala wa kijijini saa nne asubuhi keshi imekata na simu yake imejaa floti ambayo haimsaidii chochote. Ikifika Novemba mambo yanageuka, watu wanaweka hela ili watume mjini wanunuliwe mbegu na mbolea, sasa floti ndo inakata na droo ya keshi imejaa. Aliyeelewa huo mzunguko alikuwa anakaa na mawakala wa vijijini mapema, huyu ananipa floti yake mimi nampa keshi, tunasaidiana na kamisheni inaingia kila upande. Asiyeelewa alikuwa anaongeza mtaji tu, halafu analalamika mtaji hautoshi.

Halafu ikaja ile tozo ya miamala ya simu. Ilianza katikati ya Julai 2021. Watu wa mjini walilalamika sana na walikuwa na haki yao, lakini hebu fikiria Julai huku kwetu ni nini. Ndo mwezi hela inatembea kuliko miezi yote! Wanunuzi wakarudi kubeba keshi kwenye mabegi, wakulima nao wakakubali maana hata wao walikuwa wanakatwa wakitoa. Serikali ikapunguza mwaka huohuo Septemba, ikapunguza tena baadaye, na 2023 tozo ya kutuma ikaondolewa, ila mawakala niliokuwa nafahamiana nao kando ya barabara ya Chimala wengine walishafunga vibanda na kwenda kulima. Mi nilikuwa nimeshahamia Uyole kwenye pembejeo.

Uyole kwa asiyepajua ni njia panda, barabara kuu ya Dar kwenda Tunduma inaachana pale na ya kwenda Tukuyu na Kyela. Wateja wangu wanashuka kutoka Isyonje, Uporoto, Inyala, wengine wanatoka Mbalizi wanapita kabisa mjini kuja kwangu kwa sababu tu tumezoeana. Duka la pembejeo linakufundisha kalenda utake usitake. Mvua huku ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili au Mei. Oktoba watu wanaanza kuulizia mbegu, Novemba na Desemba ni mbegu na mbolea ya DAP ya kupandia, Januari na Februari mbolea za urea na CAN za kukuzia, na tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini 2017 kuna dawa zake ambazo huwezi kukosa kuwa nazo dukani. Machi na Aprili duka linapoa, unauza dawa za ukungu za viazi na pampu moja moja. Mei mpaka Agosti hela imejaa mitaani ila mtu hanunui mbolea, ananunua bati, godoro, pikipiki, anaoa, na mimi hapo nauza ile mifuko ya kinga njaa na dawa ya kuhifadhi nafaka.

Yaani hela inakuja wakati bidhaa yangu haihitajiki na bidhaa inahitajika wakati hela haipo. Biashara yangu yote iko hapo katikati. Mtu akiniuliza mimi nauza nini, namjibu nauza mbolea, lakini ukweli ni kwamba nahamisha Julai naipeleka Desemba, na anayefanya hiyo kazi vizuri ndo anapata faida hata kama bei yake ya mfuko ni ileile ya jirani.

Sasa njoo kwenye hayo mambo ya menejimenti. Kampuni moja ya pembejeo ilituma kijana wa mauzo, msomi, mpole, ana tableti, akanionyesha malengo yangu: kila mwezi niuze kiasi fulani, nikifikisha napata punguzo, nikikosa napoteza. Nikamwambia mwanangu, Aprili utanipa lengo gani? Akasema lilelile. Nikamuuliza kwani ninyi huko ofisini mnalima lini, akacheka. Jirani yangu mmoja aliyakubali hayo malengo, mwisho wa mwezi wa nne akawa anachukua mzigo asiouhitaji ili afikishe lengo apate punguzo, mbegu zikakaa stoo mpaka msimu mwingine, na mbegu ikikaa nguvu ya kuota inapungua, mkulima akiipanda isiote haendi kugombana na kampuni, anakuja kugombana na wewe dukani mbele za watu. Mimi tulikubaliana na yule kijana lengo la mwaka mzima ligawanywe kwa msimu, sehemu kubwa Oktoba mpaka Februari. Ilibidi aombe ruhusa kwa mabosi wake, ikachukua muda, ila walikubali, na nasikia sasa hivi wanafanya hivyo kwa maduka mengine ya Mbozi na Njombe. Kwa hiyo msidhani haya mambo hayabadiliki, yanabadilika ila mpaka mtu useme.

Kwenye mikopo ndo kuna vituko. Huku mtaani kuna hii mikopo ya wiki wanaita kausha damu, kina mama wanakaa kikundi, afisa anakuja kila wiki siku yake anakusanya marejesho, mmoja akikosa wenzie wanamchangia au wanaenda kumbebea sufuria. Mama mwenye genge la nyanya Mwanjelwa anaweza kuimudu kwa sababu anauza kila siku. Lakini mama anayelima viazi kule juu, ambaye hela yake inakuja viazi vikichimbwa, anaanza kulipa wiki inayofuata kwa hela gani? Anailipa kwa hela ileile aliyokopa! Ikiisha anakopa kwingine alipe pale, na kwingine tena, mpaka viazi vinachimbwa vyote vimeshakuwa vya watu. Kisha zikaja hizo programu za kwenye simu, unakopa elfu hamsini ndani ya dakika, ukichelewa wanawatumia meseji ndugu zako wote. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni, na nilipoisoma nilikuta majina ambayo wateja wangu walikuwa wananitajia pale kaunta wakiniomba niwasubiri kidogo.

Upande wa mabenki napo kuna mabadiliko, tuseme ukweli. 2021 Benki Kuu ilitenga trilioni moja ya kukopesha mabenki kwa riba ya asilimia 3 ili nayo yakopeshe kwa riba isiyozidi asilimia 10, kilimo kikiwa mbele, na mabenki makubwa kama NMB na CRDB yakashusha riba ya kilimo mpaka 9. Hapo nyuma mtu ulikuwa unaongelea 17, 20. Watu wengi wakaishia kufurahia riba tu. Mi nilichojifunza ni kwamba riba ni nusu ya swali, nusu nyingine ni unaanza kulipa lini. Mkopo wa asilimia 9 unaoanza kurejeshwa mwezi ujao ukiwa umechukua Septemba kununua mzigo, unaweza kukuumiza kuliko wa 15 unaolipwa Julai. Mimi nilienda benki na karatasi za miamala ya lipa namba ya misimu miwili, nikamwekea afisa mezani, nikamwambia baba angalia mwenyewe, hii Desemba hii hapa, hii Aprili hii hapa. Aliangalia akasema duka lako linapanda na kushuka sana, ni hatari. Nikamwambia lingekuwa halipandi na kushuka ndo ungeogopa, maana lingekuwa siyo duka la pembejeo. Tukapanga miezi ile ambayo duka limelala nalipa riba tu na deni lenyewe nalipa kwenye mavuno na mwanzo wa msimu. Ile lipa namba niliweka kwa sababu wateja walikuwa wanaitaka, sikujua kama siku moja ndo itakuwa shahidi wangu.

Kuna na kukopesha wakulima. Hapa kila mwenye duka ana msimamo wake. Mzee mmoja wa Isyonje aliwahi kuniambia mama, duka lisilokopesha Januari Julai halina wateja, na nimeona ni kweli kabisa. Swali ni unakopesha kwa kipimo gani. Wengi huku wanakopesha kwa mazao, chukua mfuko wa mbolea sasa, utaleta gunia kadhaa za mahindi ukivuna. Inaonekana tamu ukiwa Januari, mahindi yako juu. Katikati ya 2017 serikali ilizuia mahindi kwenda nje, bei ikaporomoka huku kusini vibaya sana, na wafanyabiashara waliokopesha kwa gunia wakabaki na maghala ya mahindi yasiyo na mnunuzi wakati wao wanadaiwa shilingi kule walikochukua mbolea. Bei ikipanda napo ni ugomvi, mkulima anaona umemnyonya, anauza kwa mwingine usiku usiku. Mimi nakopesha kwa shilingi, bei ya siku ile imeandikwa, mkulima anasaini na jirani yake anasaini, na muda wa kulipa siuweki tarehe moja kwa wote. Wa viazi anakuwa na tarehe yake, wa mpunga wa Usangu yake, wa mahindi ya juu huko kwenye baridi ambayo yanachelewa kukauka yake. Binti yangu wa dukani alinicheka mwanzoni, akasema mama daftari lako limekuwa kama kalenda ya kanisa, kila mtu na sikukuu yake. Sasa hivi ndo analitunza yeye kwenye simu na hanichekei tena.

Ruzuku ya mbolea nayo ilileta darasa lake. Vita ya Ukraine iliposhika kasi bei zilikuwa hazishikiki, mfuko wa kilo 50 wa DAP ulivuka laki na kitu, watu wakawa wananunua kwa kupima kilo. Tarehe 8 Agosti 2022 Rais Samia akazindua ruzuku hapahapa Mbeya, viwanja vya John Mwakangale kwenye Nanenane, mfuko ukashuka mpaka 70,000. Mkulima lazima awe amesajiliwa, ana namba yake, na wakala unauza kupitia mfumo wa simu. Foleni ile sitaisahau, watu wanalala nje, mtandao ukigoma wote wanakuangalia wewe kama umezima mwenyewe. Wenye maduka wengi waliliona hilo kama usumbufu, faida kwa mfuko imebanwa na kazi imeongezeka. Mimi niliona kitu kingine. Kwa mara ya kwanza ningeweza kukadiria mahitaji mapema, kwa sababu mkulima aliyesajiliwa ana ekari zake zimeandikwa, ukikaa naye Septemba anakwambia nina namba, nahitaji mifuko kadhaa. Kabla ya hapo tulikuwa tunaagiza kwa kukisia kutokana na mawingu. Na kitu kingine, wale wa kupima kilo walirudi kununua mfuko mzima, na mtu akinunua mfuko mzima ananunua na mbegu, na dawa, na gumbuti kama zipo.

Kuajiri ndo sehemu ngumu kuliko zote, na vitabu vya menejimenti havina jibu la huku. Ukiajiri watu wa kutosha kwa Desemba, Aprili wanakaa wanasinzia na wewe unalipa. Ukiajiri watu wa kutosha kwa Aprili, Desemba wateja wanaondoka. Wengi wanatumia ndugu, mpwa anakuja msimu analala kwako anakula kwako, ukimpa kitu sawa usipompa sawa, na mwisho wa msimu mnaanza kutoelewana kwenye familia kwa sababu hakuna kilichosemwa wazi. Mimi nina wawili wa kudumu na mshahara wao ni wa mwezi kama kawaida, hauyumbi hata duka likiwa limelala, kwa sababu wana kodi ya nyumba na wana watoto, wao maisha yao ndo ya mwezi kweli. Juu yake kuna fungu la msimu, asilimia ndogo ya faida ya Oktoba mpaka Februari, wanapewa Machi. Kwa nini Machi? Kwa sababu Januari wangeimaliza kwenye sare na madaftari na Aprili wangenikopa tena. Vijana wa kubeba na kupanga stoo nawachukua Oktoba, tunaandikishana, na ni walewale kila mwaka, wengine wana bajaji zao au bodaboda za mkataba, wanaziachia ndugu wakati wa msimu ili hesabu ya tajiri isikwame. Miezi ya Machi na Aprili wale wawili wanaenda likizo kwa zamu, na anayebaki tunazunguka naye kwa wakulima tunaangalia mazao yamesimamaje, maana hapo ndo unajua nani atalipa.

Kodi ya mapato ya awamu ni habari yake. Machi, Juni, Septemba, Desemba. Hapo Machi ndo penye kazi, maana Januari unaona hela nyingi dukani unadhani ni yako. Naitenga mapema, naiweka akaunti nyingine isiyo na kadi. Sina zaidi la kusema hapo.

Ukitazama mbali kidogo unaona kalenda yenyewe imeanza kuchanganyika, na nadhani hapo ndo mabadiliko makubwa ya biashara ya huku yalipo kuliko hizo programu. Kuna watu wa miti, kule Mafinga, Mufindi na Njombe, wale hesabu yao ni ya miaka na miaka, mtu anapanda leo anakuja kuuza mbao mtoto kashamaliza shule. Kuna parachichi, Rungwe na Njombe, zile za aina ya Hass zimepandwa mpaka kwenye viwanja vya nyumba, na baada ya China kufungua soko 2022 kila mtu akawa anataka miche. Uzuri wa parachichi kwangu ni kwamba mkulima wake anavuna tofauti na wa mahindi, na dawa anahitaji miezi ambayo mimi duka limelala. Kuna umwagiliaji wa mpunga Mbarali, kuna malori ya Tunduma yanayopita usiku na mchana kwenda Zambia na Kongo, madereva wanakula na kulala, kuna wanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha hapa Mbeya, ambao hela yao inakuja kwa boom, ile mikopo ya wanafunzi, siyo kwa mvua. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi jirani yangu alikuwa anategemea Julai tu, sasa anasema ana wateja wa bati mpaka Februari, na wengi ni watu wa parachichi.

Kwa hiyo msimu huu nimeanza kuweka vifaa vya parachichi, mikasi ya kupogolea, kreti, dawa za kuvu. Siweki nyingi. Soko la parachichi lenyewe bado wanunuzi wanaweza kuja kwa wingi mwaka huu na mwaka ujao wasionekane, na mkulima akikosa mnunuzi mwaka mmoja hanunui dawa mwaka unaofuata, kwa hiyo nakwenda taratibu, naangalia hasa wakulima walio kwenye vikundi ambavyo vina mkataba na mnunuzi. Kuhusu mkopo wao bado tunabishana na binti, yeye anasema tarehe ya kulipa iwe siku mnunuzi anapolipa kikundi, mimi nasema mnunuzi naye anachelewesha, tuweke wiki kadhaa baada ya kuvuna na kikundi kisaini. Tumekubaliana tuwaulize wenyewe kwenye mkutano wao wa Tukuyu, na anaenda yeye, mimi nabaki dukani maana mbegu zinashuka wiki hiyohiyo.